Kiapo cha Ligi ya Mkoa

Mama yangu mpaka leo huwaambia wageni kwamba siku niliyoapa nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimeketi kwenye kafteria moja ya Naif, Dubai, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, akili zangu timamu, nikasema mbele ya watu: "Wallahi sikanyagi nyumbani mpaka timu itoke ligi ya mkoa." Kisha nikamalizia chai yangu.

Timu yenyewe ni ya mji wetu, mji mdogo wa pwani ya kusini mwa Tanzania, wenye soko moja, stendi moja na uwanja mmoja. Jezi zake ni za rangi ya damu ya mzee. Marehemu baba alinipeleka uwanjani kabla sijaanza shule, akaniketisha mabegani, na nadhani mpaka leo sijateremka. Nilipokuwa darasa la pili tulikuwa ligi kuu. Baadaye tukashuka daraja la kwanza, tukakaa, tukazoea, tukashuka la pili. Timu nyingine huporomoka. Sisi tuliteremka ngazi kwa ngazi, kwa adabu, hatukuruka hata moja, mpaka msimu ule tukatua ligi ya mkoa, ambako hakuna redio inayotangaza mechi wala gazeti linaloandika matokeo. Chini ya hapo ipo ligi ya wilaya, na chini ya ligi ya wilaya wapo watoto na mpira wao wa makaratasi.

Dubai nzima tulikuwa mashabiki watatu, au angalau watatu waliokuwa tayari kujitangaza. Mimi nilifanya kazi Al Qusais, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka na taulo za mahoteli, upande wa mashine za pasi. Wa pili alikuwa kaka mmoja mpakiaji wa mizigo pale gati la majahazi Deira, jitu la miraba minne, machozi yake yako karibu kuliko ya mtoto. Wa tatu alikuwa mlinzi wa jengo la maofisi, Mkristo, mpole, asiyekosa kukumbuka jambo ambalo wengine wamelisahau. Tulikutana kila Ijumaa alasiri, mpakiaji akitoka msikitini, mlinzi akitoka kanisani, maana Dubai ya wakati ule hata kanisani watu wengi walikwenda Ijumaa, nami nikitoka kulala.

Ijumaa ya kwanza baada ya kushuka, mpakiaji ndiye aliyeharibu mambo. Aliweka kikombe chini, akashusha pumzi, akasema, "Mimi naona yaishe. Khalas. Tuchague timu moja katika zile kubwa za Dar, tushabikie kama watu wengine." Alisema kwa huruma, kama mtu anayeshauri mgonjwa aletewe uji. Lakini mimi damu ilinipanda. Nilimwuliza kama mama yake akiugua atakwenda kuchagua mama mwingine Dar es Salaam. Akajibu kwamba mama si timu. Hapo ndipo nilipoapa.

Mlinzi akanitazama kwa upole wake ule.

"Dada," akasema, "na harusi?"

Nilikuwa nimeisahau harusi. Nasema kweli tupu, nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimeposwa, mahari imekubaliwa, na nilitakiwa niende likizo nikaolewe msimu ujao wa ligi ukiisha. Mchumba wangu alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake jirani na soko, kijana mtaratibu, mwenye sauti ya chini, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kutazama mechi hata moja. Mpira kwake ulikuwa kukimbizana tu. Na mimi sina tabia ya kurudisha neno nikishalitoa. Nyumbani wananiita kichwa mwamba, na hawanisingizii.

Siku zile kupigiana simu kwa intaneti Dubai kulikuwa kumefungwa, na simu ya kawaida ilikuwa ghali, kwa hiyo tulizoea kutumiana ujumbe wa sauti. Nilijirekodi nikiwa ngazini, mahali penye mtandao mzuri, nikamweleza fundi kila kitu. Nilimwambia kama ataona hawezi kungoja, nitamwelewa. Nilisema hivyo kwa ushujaa, lakini niliufuta mara mbili kabla ya kuutuma, kwa sababu nilimpenda. Aliusikiliza ujumbe mara moja, nikaona amesikia. Mwishowe ikaja sauti yake, fupi.

"Nimesikia. Kwani hiyo timu inacheza lini?"

Mama yeye alinipigia simu ya kawaida, gharama au si gharama. "Wallahi juu ya mpira?" akauliza. "Mwanangu, umelogwa na nani huko?" Akakata. Akapiga tena kuniuliza kama nimekula.

Basi ligi ya mkoa ilipoanza, Jumapili ya kwanza fundi alifunga kibanda, akaenda uwanjani, akaanza kunitumia ujumbe. Na hapa lazima nieleze utaratibu wetu, kwa sababu bila huo hakuna kisa. Jumapili kwetu Dubai ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Nilipokuwa kwenye mashine ya pasi, simu iko kwenye kabati, fundi alikuwa uwanjani akizungumza. Nikitoka nakuta sauti zimejipanga, fupi fupi, kila moja na kialama chake cha kijani kwamba haijasikilizwa. Tulikubaliana sisi watatu kwamba hazifunguliwi mpaka Ijumaa, tukiwa pamoja. Mechi ya Jumapili tuliicheza Ijumaa. Nyumbani wote walionywa wasiniambie matokeo, na mlinzi na mpakiaji waliapishwa wasiulize kwao. Dunia nzima ingeweza kuyajua matokeo, yaani ile sehemu ya dunia iliyojali, lakini kwetu sisi refa alikuwa hajapuliza.

Mechi ya kwanza tuliweka simu katikati ya meza, tukaizungushia vikombe ili isidondoke. Nikabonyeza.

"Bibie, assalaam alaykum. Nimefika. Watu ni wachache, wengine ni mbuzi. Wetu wamevaa hiyo damu ya mzee yenu, ila imepauka, sasa ni damu ya mtoto." Nikabonyeza ya pili. "Mpira umetoka. Umerudi. Umetoka tena. Yule mrefu mshono wa kwapa umeachia, akinyanyua mkono unamwona mpaka ubavu. Kuna mmoja amevaa soksi moja." Ya tatu ilianza kwa kelele. "Watu wanashangilia. Sijui kuna nini. Ngoja niulize." Ya nne: "Nimeuliza. Tumefunga."

Mpakiaji aliruka, meza ikayumba, chai ikamwagika. Mhudumu wa kafteria, kijana wa Kimalayali kutoka kusini mwa India, aliyekuwa akitupenda bila sababu, alikuja mbio na kitambaa. "Goli?" akauliza. "Goli!" tukamjibu wote. Tangu siku hiyo kila Ijumaa alituuliza neno hilo moja, na wakati mwingine alituletea samosa kabla hajajibiwa.

Na magoli yalikuwepo! Hili ndilo jambo ambalo hakuna aliyetuambia juu ya kushuka. Miaka mingi tulikuwa watu wa kufungwa na kuhesabu waliobaki juu yetu. Sasa tulikutana na saizi yetu: timu ya walimu ambayo kipa wake aliomba mechi isimamishwe akanywe dawa ya presha, timu ya wabangua korosho, timu ya kijiji kimoja iliyofika na wachezaji wanane kwa sababu Fuso iliharibika njiani. Tuliwafunga wale wanane manne bila, na mpakiaji akalia kwa furaha mbele ya kafteria nzima. "Nilisahau," akawa anasema, "nilisahau kushinda kukoje." Hakutaja tena zile timu kubwa za Dar. Mimi nilimtazama tu, sikumsema, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha.

Kila mechi ikiisha nilimrekodia fundi maswali yangu hapo hapo kafteria, wenzangu wakidakia kwa nyuma. Yule wa soksi moja ni mtoto wa nani? Kwa nini hasemi ni nani amepiga kona? Naye Jumapili inayofuata alikuja na majibu. Wa soksi moja alikuwa winga wetu bora, na soksi ya pili alikuwa akimfungia ndugu yake mguu uliotenguka. Fundi aliwajua wachezaji kwa nguo zao kabla ya kuwajua kwa sura, na sisi pia tukawajua hivyo: Soksi Moja, Kwapa, Kaptula ya Kaka, na beki mmoja aliyeitwa Kola kwa sababu aliingia uwanjani na fulana ya shule yenye kola, aliyoigeuza ndani nje.

Chumbani Al Qusais nilikaa na dada mmoja wa Mombasa, mpiga pasi mwenzangu, shabiki wa timu kubwa ya Uingereza. Alinicheka mpaka akachoka, kisha akapumzika, akanicheka tena. "Weye wazimu kweli," aliniambia. "Mtu yuwataka kukuoa, nawe wangoja goli! Na team yenyewe haina hata website." Nilimwambia ukipenda boga penda na ua lake. Akasema, "Sawa, lakini hili boga lako limeoza, mama." Lakini Ijumaa moja alikuja nasi Naif kutazama wazimu wetu ulivyo, na mechi ilipofika dakika za mwisho nilimwona ameushika mkono wa mlinzi kwa nguvu, mtu ambaye alikuwa ndiyo kwanza amemjua.

Katikati ya msimu mambo mawili yakabadilika. La kwanza, jezi ziliacha kufumuka. Fundi alikuwa ameanza kwenda uwanjani na sindano na uzi, na wakati wa mapumziko wachezaji walimpangia foleni. La pili, fundi mwenyewe alibadilika. Ile sauti ya chini ilipotea. Siku moja nilibonyeza nikasikia mtu anafoka, "Ameotea wapi? Refa, ameotea wapi? Una macho au vifungo?" Ilinichukua muda kutambua kwamba ni mchumba wangu. Mlinzi alisema, "Dada, huyu sasa ni wetu." Nikacheka, lakini usiku wa kurudi kwenye metro nilijisikia vibaya, nikajiuliza nina nini. Nilikuwa na wivu. Siku hiyo hakunisalimu. Alianza moja kwa moja na kikosi.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nyuma ya sauti ya fundi nilisikia vikombe vya muuza kahawa vikigongana, nilisikia adhana ya alasiri ya msikiti wa sokoni, nilisikia mvua ikianza juu ya mabati ya jukwaa na watu wakipiga yowe kukimbilia chini yake. Mara moja nilisikia kicheko cha mama. Alikuwa amekwenda naye, eti kumsindikiza. Wiki ile niliisikiliza sauti ile tena na tena kitandani, na haikuwa kwa sababu ya mpira. Nilikuwa naisikiliza nyumbani. Nilitamani kwenda hata nikalie machozi, na aliyenifungia mlango ni mimi mwenyewe, na ufunguo nimewapa Soksi Moja na Kwapa.

Tukafika mechi ya mwisho tukiwa nafasi ya pili. Wa kwanza ndiye bingwa wa mkoa, ndiye anayetoka. Mechi ilikuwa dhidi ya hao wa kwanza, uwanjani kwetu. Tukishinda, tunatoka na mimi naolewa. Tukitoka sare au tukifungwa, ni mwaka mwingine, na fundi alishaningoja vya kutosha. Kuna wanawake wengi mjini wanaokwenda kwake kushonewa nguo.

Jumapili ile nilipofungua kabati sauti zilikuwa zimejaa, zote za kijani. Harusi yangu ilikuwa imekwisha amuliwa, iko mfukoni mwangu, na sikuruhusiwa kuijua. Dada wa Mombasa alinisihi. "Nipe mimi nisikize. Sitakwambia, nitakukonyeza tu." Nikakataa. Nilipokwenda kuoga nilikwenda na simu, kwa sababu sikumwamini. Nilipiga pasi mashuka wiki nzima bila kuyaona, madam msimamizi akaniuliza kama nimepata habari mbaya kutoka kwetu. Nikamjibu sijui bado.

Fundi hakutuma tena chochote. Kawaida kati ya Jumapili na Ijumaa tulizungumza mambo mengine, bei ya samaki, afya ya mama. Wiki ile, kimya. Mama ndiye aliyenitumia ujumbe mmoja wa maandishi: "Mwanangu, Mungu ni mwema." Niligeuza maneno hayo juu chini siku nzima. Husemwa kwenye harusi, na husemwa kwenye msiba. Nikampelekea mlinzi, naye akafikiri sana, akajibu kwamba kanisani kwao ni hivyo hivyo.

Ijumaa tuliketi. Dada wa Mombasa alikuja bila kualikwa. Mhudumu alileta chai na akabaki amesimama hapo, kama vile kafteria haina wateja wengine. Nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Tulifunga mapema. Soksi Moja, ambaye sasa alikuwa na soksi mbili, alipiga krosi, Kwapa akaruka, na kwapa lake, fundi alituhakikishia kwa kelele, halikuachia. Tukakumbatiana. Tukaongoza mpaka mapumziko, tukaongoza baada ya mapumziko, na mpakiaji akaanza kunong'ona maneno ya harusi, nikamwambia anyamaze asituletee mkosi. Kisha ikaja sauti isiyo na maneno, kelele za watu tu na fundi akisema "ah, ah, ah." Wamerudisha. Moja kwa moja. Nikabonyeza nyingine. Dakika zinakwisha. Nyingine. "Penalti! Bibie, penalti! Yetu! Kaangushwa Soksi Moja, wallahi nimeona, hata wao wameona!" Dada wa Mombasa alikuwa amesimama juu ya kiti.

Ilibaki sauti mbili tu. Nilibonyeza ya kwanza. Kulikuwa na kimya, kimya cha uwanja mzima, hata mbuzi. Kisha kitu kama pumzi kubwa. Kisha mtu analia. Alilia kilio cha wazi, cha mtu mzima aliyeacha kuona haya, na katikati ya kilio akasema, "Mwamba. Umegonga mwamba. Kapiga Kola. Maskini, Kola. Kakaa chini, kajifunika uso na fulana yake." Nikasikia watu wakimwambia fundi basi, fundi tulia.

Mpakiaji alikuwa ameficha uso kwenye viganja. Mimi nilikuwa nimekauka. Nilifikiri, mwaka mwingine. Nilifikiri, hatangoja, na atakuwa na haki. Na nilifikiri pia, huyu mtu analilia timu yangu, na sikuwahi kumpenda kama ninavyompenda sasa, na nimemkosa.

"Imebaki moja," mlinzi akasema taratibu.

Nikabonyeza bila kufikiri. Fundi alikuwa nyumbani kwake, palikuwa patulivu.

"Bibie, hii si ya mechi. Hii ni yako peke yako, uisikilize chumbani."

Nilipeleka mkono kuizima. Mpakiaji aliudaka mkono wangu, na mkono wa mpakiaji si wa kushindana nao. Hakuna aliyeinuka. Mhudumu, ambaye hakujua Kiswahili, alivuta kiti akakaa.

"Nina jambo nimekuficha. Baada ya mechi ya kwanza nilikwenda kwa sheikh kumwuliza habari ya kiapo chako. Akaniambia kiapo kama kile kina kafara yake. Unalisha maskini kumi, au unawavisha maskini kumi, umetoka. Nilifurahi, nikashika simu nikwambie. Hapo ikaingia sauti yako ya Ijumaa, unaniuliza yule wa soksi moja ni mtoto wa nani, na unacheka. Mimi nimekuposa, nimekaa nawe barazani kwenu, sijawahi kusikia umecheka vile. Nikasema, nikimwambia leo atakuja, ataolewa, atakuwa mke wangu, lakini kicheko kile kitabaki uwanjani, na mimi njia ya uwanjani siijui. Basi nikanyamaza, nikajifunza njia. Unisamehe. Leo nimelia mpaka watu wamenishika, na sikudanganyi, sikulia kwa ajili ya harusi. Harusi nimeikumbuka nilipofika nyumbani. Sasa njoo. Uje na kitambaa cha jezi kumi. Kafara ni yako, kitambaa utoe wewe. Kushona nitashona mimi."

Mpakiaji alilia kwa sauti. Dada wa Mombasa aliteremka kwenye kiti, akajifuta macho na ncha ya mtandio wake, akasema, "Haki, huyu ukimwacha namchukua mimi." Mhudumu alitutazama mmoja mmoja, hakuelewa kama tumefiwa au tumepona. Akaniinamia.

"Goli?" akauliza.

"Goli," nikamwambia.

Kutafuta damu ya mzee Naif ni kazi ya watu wazima. Kila duka wana nyekundu za kila namna, na kila muuzaji anaapa kwamba yake ndiyo yenyewe. Tulizunguka wanne na picha ya jezi kwenye simu, mlinzi akiishika juani kulinganisha, mpaka tukapata jora chini kabisa ya rafu, limefunikwa vumbi. Lilikuwa zito. Nilipopima sanduku ilibidi nitoe blanketi la shangazi, vyombo vya mama mdogo na manukato ya nusu ya ukoo. Shangazi alingoja blanketi akapewa maelezo, na hajayakubali mpaka leo.

Sheikh alikuja mwenyewe kutazama jezi, nyumbani kwetu, siku chache kabla ya harusi. Alisema vazi la kafara lazima limsitiri mtu, na kaptula za mpira hazimsitiri mtu. Fundi akarefusha zote mpaka chini ya magoti. Kwa hiyo timu yetu ndiyo pekee katika mkoa inayocheza kwa stara kamili. Kisha sheikh akauliza kama kweli hawa wachezaji kumi ni maskini. Nahodha alinyanyua mguu, akamwonyesha kiatu chake kwa chini. Sheikh akatazama, akasema inatosha.

Kipa peke yake ndiye aliyelalamika. Yeye wa kumi na moja, akasema, kwani yeye tajiri? Fundi akamweleza kwa upole wake wa zamani kwamba kipa siku zote huvaa rangi yake mwenyewe, hata Mwenyezi Mungu kaweka kumi, kajua. Tuliwavisha jezi mmoja mmoja uani kwa mama. Kola alipovaa yake mpya alisimama akaishika kwenye mshono wa bega, na mimi nilimwambia ajitahidi asijifunike nayo uso, ni kitambaa kizuri. Akacheka. Niliolewa Ijumaa, na wote kumi na moja walikula pilau ya harusi yangu kwa kiwango ambacho kingetosha kafara nyingine tatu.

Nilirudi Dubai kumalizia mkataba. Ijumaa ya kwanza ya msimu mpya tuliketi pale pale, vikombe vimeizunguka simu, mhudumu amekwisha kuuliza swali lake. Bado tulikuwa ligi ya mkoa. Kabla sijabonyeza, mpakiaji akanitazama kwa wasiwasi.

"Dada, mwaka huu huapi kitu, sivyo?"

"Naapa," nikasema.

Mlinzi akafumba macho. Dada wa Mombasa akashika kichwa.

"Wallahi," nikasema, "mkataba huu ukiisha nakwenda nyumbani nikakae uwanjani na mume wangu, timu ipande isipande."

Haijapanda. Leo ni Jumapili, na fundi amesimama mlangoni na kikopo chake cha sindano, ananiambia niache kuandika, mechi inaanza saa kumi.